Wiki ya Ishirini na Tisa na Kinyota Kimoja

Jumatatu, 6 Februari

Siku kubwa! Nimekabidhiwa kura ya nyumba ya pwani. Mimi, Gorm Husballe, baada ya miaka kumi na moja ya kuhesabu maziwa ya ng'ombe wa watu katika taasisi hii. Mzee Ebbe Kloster, aliyeiendesha kura tangu enzi na enzi, anastaafu mwezi wa nne, na nyonga yake mpya haitaki ngazi za chumba cha kompyuta. Vibeke Stougaard, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, akauliza mezani nani atamrithi. Watu wakaanza kukagua mikate yao kana kwamba wameiona leo. Nikainua mkono kwa unyenyekevu. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyeshangilia pia, lakini hawa ni watu wa Jutland. Kutopinga ndiko kushangilia kwao.

Nyumba ni moja. Wiki za kiangazi ni nane, ya 26 hadi ya 33. Sisi ni ishirini na wawili. Kila mtu ana pointi kumi, na moja ya ziada kwa kila mwaka aliokosa. Anazigawa kwenye wiki azitakazo, anamkabidhi Vibeke kwenye bahasha, Vibeke anaziingiza kwenye jedwali, kila mtu na safu yake yenye jina lake. Kisha programu yetu ya takwimu, ileile ya maziwa, inapewa amri na kutangaza: mwenye pointi nyingi ndiye mwenye wiki. Ijumaa saa sita mchana matokeo yanabandikwa kwenye friji.

Nimekosa miaka sita. Nina pointi kumi na sita. Zote nimezitupa wiki ya 29!

Lazima niipate. Krismasi iliyopita, baada ya glasi mbili tatu, nilimwambia mama mkwe wangu Ragnhild kwamba nyumba nimeshaipata. Ulimi hauna mfupa. Anatimiza miaka sabini tarehe 19 Julai, katikati kabisa ya wiki hiyo. Keshaandika orodha ya watu kumi na wanne. Shemeji Aksel, kaka yake Lisbet wangu, keshaanza kutunga wimbo wa sherehe, beti kumi na tisa, na ataupiga kwa kodiani.

Miaka kumi na tano Ragnhild ameniita Andersen. Andersen tu, kama anamwita mpeleka magazeti. Ni kweli jina langu kamili ni Gorm Husballe Andersen, lakini hilo la mwisho nililiacha zamani pamoja na baiskeli yangu ya utotoni. Nchi hii imejaa watu wa -sen. Rusha jiwe, umempiga Jensen, na atakayekimbia kumwitia daktari ni Hansen. Husballe ni jina la bibi yangu mzaa mama. Lina uzito.

Ila tangu Krismasi Ragnhild ananiita "mkwe wangu". Mkwe wangu! Mara ya kwanza nilidhani anaongea na mtu aliye nyuma yangu. Sirudi kuwa Andersen tena, potelea mbali.

Jumanne, 7 Februari

Kuna kikwazo. Kina masharubu na kinaitwa Bjarne Mortensen, wa kitengo cha mafuta ya maziwa. Amepata wiki ya 29 miaka miwili mfululizo. Anakuja na picha. Bjarne na kaa. Bjarne na machweo. Bjarne amelala kwenye mchanga na kitabu usoni.

Leo wakati wa chakula alipaka maini ya kusaga kwenye mkate mweusi, taratibu, akisema bahari ya Julai ndiyo dawa pekee ya magoti yake. Halafu akanigeukia. Akaniuliza eti Bwana Husballe, kura iko katika mikono salama? Meza nzima ikacheka.

Najua walichokicheka. Kwenye friji kuna ubao wa keki za makosa. Ukikosea kazini, unaleta keki, watu wanakula, yanaisha. Ubao unasema Bjarne sifuri, Gorm tisa. Na hiyo ni tangu Septemba. Ya mwisho ilikuwa ya ng'ombe mmoja wa Salling niliyemwandikia kuwa katoa lita mia nne kabla ya kifungua kinywa. Mtu yeyote angeweza kukosea! Sifuri moja tu.

Nimefikiri hadi kahawa ya saa nane. Safu ya Bjarne lazima ipotee. Moja tu. Kwa bahati mbaya, tuseme. Mwakani atapata pointi ya ziada, kwa hiyo ukiangalia vizuri ninamsaidia.

Ningeweza kufungua jedwali nione ameweka wapi pointi zake. Lakini ni safu ishirini na ngapi sijui, na kila mtu anajua Bjarne ni wiki ya 29. Ya nini kujichosha macho?

Jumatano, 8 Februari

Jaribio la kwanza. Nilipanda chumba cha kompyuta wakati wengine wanaimba. Jumatano tunaimba asubuhi, nyimbo tatu, na sauti yangu haikosekani ikikosekana.

Nikaandika: futa bjarne. Kwa ufupi, kama mtu mwenye shughuli. Programu ikagoma! Maandishi mekundu. Jina lina utata, ikasema, na ikaniorodheshea: bjarne_lauridsen, bjarne_mortensen. Unamtaka yupi?

Bjarne Lauridsen! Nilimsahau kabisa. Huyo simgusi. Ananiazima tela lake kila nikipeleka takataka za bustani, na haulizi litarudi lini.

Nikaanza kuandika jina zima la Mortensen. Herufi ya nane nikasimama. Jasho! Programu inatunza kumbukumbu ya kila amri, neno kwa neno, na Vibeke huzisoma kumbukumbu hizo kama wengine wanavyosoma matangazo ya vifo. Kila siku, na kwa hamu. Angekuta "futa bjarne_mortensen" ningekuwa nimekwisha.

Nataka amri inayomfuta Bjarne bila kumtaja Bjarne. Nikashuka. Walikuwa kwenye ubeti wa mwisho. Nikafungua mdomo kama niliyekuwepo tangu mwanzo.

Alhamisi, 9 Februari

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Leo zangu zimesimama!

Nilimwendea Mzee Ebbe kwa njia ya kuzunguka. Nikaanza na nyonga. Kisha hali ya hewa. Kisha nikamuuliza, kama mtu anayetaka elimu tu, hivi mtu akiona uvivu kuandika majina marefu, programu inamsaidiaje?

Ebbe anapenda kuulizwa. Uso ulimng'aa. Akasema kuna njia mbili, mwanangu. Njia ya kwanza ni kukata jina. Ukilikata likabaki la mtu mmoja, sawa, inamchukua. Ukilikata likawa la wawili, inagoma na kukutajia wote, kwa sababu haipendi kubahatisha. Njia ya pili ni kinyota. Kinyota maana yake ni "chochote". Kiweke mwisho wa herufi, unapata yote yanayoanza nazo. Kiweke mwanzo, unapata yote yanayoishia nazo. "Lakini hapo nisikilize vizuri," akasema, akaniinulia kidole, "kwa sababu kinyota na ule utata..."

Mlango ukafunguliwa. Maandazi ya krimu ya fastelavn, sikukuu ya kabla ya Kwaresima! Sanduku zima, likielekea meza ya mbali, na Bjarne tayari amesimama. Nikamwambia Ebbe nimeelewa, nikaenda kwa mwendo wa heshima lakini wa haraka. Nyuma yangu nilimsikia akipaza sauti, kitu kuhusu kuorodhesha kwanza ndipo ufute. Nikamwinulia dole gumba bila kugeuka.

Andazi la mwisho lenye kastadi alilichukua Bjarne. Akalamba kidole akinitazama. Sawa, kula tu ndugu yangu.

Mpango: nitaandika *sen. Bjarne Mortensen anaishia na -sen. Lauridsen naye, na wengine wawili watatu. Ni utata mtupu! Kwa hiyo programu itagoma, itanitajia, itauliza yupi, nami nitamchagua Bjarne kimyakimya kwa kubofya. Kwenye kumbukumbu kutabaki kinyota na herufi tatu. Nani atajua?

Lisbet ameniuliza mbona natabasamu nikiosha vyombo. Nikamwambia ni bahari.

Ijumaa, 10 Februari

Sijui nianzie wapi.

Saa sita kasoro dakika ishirini nilikuwa mbele ya kompyuta. Mikono mikavu, moyo mtulivu. Nikaandika: futa *sen. Nikabonyeza. Nikasubiri iniulize.

Haikuuliza. Ilijibu kwa nukta moja tu. Nukta! Bila wekundu, bila orodha. Nikaitazama, ikanitazama. Nikajiambia mashine nzuri huijua nia ya mtu, imeelewa ninayemkusudia. Nikaamuru kura. Mashine ya kuchapa iko ukumbini, na nilipofika Vibeke alikuwa keshaichukua karatasi na anaelekea nayo jikoni. Nikaenda kunawa uso, ili furaha yangu isije ikaonekana na watu wasiopata kitu.

Niliporudi, watu wote walikuwa mbele ya friji. Vibeke anasoma.

Wiki ya 26, Kloster. Ya 27, Stougaard, yaani yeye mwenyewe, akaitilia shaka miwani yake. Ya 28, Kloster. Ya 29, Kloster. Ya 30, Stougaard. Ya 31 na ya 32, Krag wa maabara, ambaye hawezi kuvumilia mchanga na aliweka pointi kwa adabu tu. Ya 33, Jaribio.

Bjarne akauliza, huyu Jaribio yuko ghorofa gani?

Mzee Ebbe akawa mwekundu hadi shingoni. Ikabidi akiri. Jaribio si mtu. Ni safu aliyoitengeneza mwenyewe mwaka 1998 kuona kama kura inafanya kazi, akaipa pointi tatu, na hajawahi kuiondoa kwa sababu kila mwaka inashindwa na alikuwa anaionea huruma.

Na mimi? Niliitafuta Husballe juu hadi chini. Hakuna! Nikapiga kelele kabla ya wengine wote, nikasema nimedhulumiwa. Hilo lilikuwa kosa, sasa naliona.

Vibeke akapanda ngazi. Akashuka na kumbukumbu. Akaibandika kando ya matokeo, akaigonga kwa kucha. Futa *sen. Kinyota hakiulizi, akasema Ebbe kwa upole, kama daktari anayeeleza ugonjwa. Jina fupi lenye utata linagoma, lakini kinyota hakina utata wowote, umeshakiambia unataka wote. Ndicho nilichokuwa nataka kukwambia, mwanangu, ukakimbilia maandazi.

Nikasema haiwezekani, mimi si -sen! Mimi ni Husballe! Vibeke akafungua daftari la wafanyakazi. Safu zinafuata daftari, akasema. Gorm_husballe_andersen. Jiko zima likajaa Jensen, Nielsen, Poulsen na Mortensen wakinitazama, kumi na wanane, nami wa kumi na tisa.

Nikasema kidole kiliteleza. Bjarne akasema ng'ombe akiteleza huvunja mguu, haandiki amri.

Hukumu: keki moja kwa kila safu niliyofuta. Nikajitetea kwamba ni kumi na nane, siwezi kujihesabu mwenyewe. Vibeke akasema na mimi nimefutwa, kwa hiyo nina deni kwangu mwenyewe. Keki kumi na tisa! Kura itarudiwa Jumatatu, na mwendeshaji ni Ebbe.

Kuhusu Bjarne hakuna aliyesema kitu. Nadhani hawajajua kwamba nilimlenga yeye. Hilo moja nimefaulu.

Jumamosi, 11 Februari

Ragnhild amekuja kula. Amekuja na nakala ya wimbo. Ubeti wa nne unasifu "mkwe aliyetupa bahari". Aliusoma kwa sauti, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Aibu ilinipanda kutoka miguuni, kweli kabisa, sikumbuki lini niliona aibu namna ile.

Sikumwambia. Nilisema tu kwamba kuna karatasi ndogo ndogo bado zinashughulikiwa.

Lisbet ananijua. Alinivuta jikoni, akafungulia maji yavume, akaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza yote. Akasema, "Gorm, mume wangu, ungeketi tu. Kazi yako ilikuwa kuketi." Akasema kama Jumatatu sipati, nitamwambia mama yake mwenyewe, kwa kinywa changu, kabla ya Jumapili ya fastelavn. La sivyo atamwambia yeye, na atatia chumvi.

Jumatatu, 13 Februari

Kura ya pili. Mbele ya watu wote, skrini ikiangazwa kwenye ukuta mkubwa. Ebbe akateremshiwa kompyuta. Kabla ya kila amri anaandika "orodhesha", anasoma majina moja moja kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza, watu wanaitikia "nipo", ndipo anaendelea. Dakika arobaini! Nilidhani nitazeeka.

Lakini Vibeke alikuwa amefungua bahasha zote upya, na hapo ndipo nilipoujua ukweli. Bjarne hakuweka hata pointi moja wiki ya 29. Ameweka zote ya 31! Mjukuu wake ana mashindano ya mpira wa mikono Julai, na magoti yamesogezwa Agosti. Wiki ya 29, mwenye nyingi baada yangu alikuwa na tisa. Mimi kumi na sita.

Ningeshinda! Ningeketi tu, kama alivyosema Lisbet, ningeshinda kwa pointi saba!

Niliruka kwa furaha. Niliruka kweli, kiti kikaanguka. Nikasema basi, haki imetendeka, naomba funguo. Vibeke akaniambia niketi, akasoma kifungu cha tisa cha katiba ya chama. Anayeharibu kura hupoteza pointi zake za mwaka huo. Kifungu chenyewe hakijawahi kutumika tangu chama kianzishwe.

Mwenye zile tisa alikuwa Ebbe. Wiki ya 29: Kloster, tena. Hakuwa hata na nia ya kwenda. Huziweka hapo kila mwaka kwa mazoea.

Jumanne, 14 Februari

Keki ya kwanza, ya tufaha. Kipande kikubwa nilimpelekea Ebbe mwenyewe mezani, na krimu juu.

Nikamwambia nimesikia upepo wa pwani unaingia kwenye nyonga mpya na hautoki. Akasema daktari ndiye aliyemwamuru aende pwani. Nikamwambia nyumba ile ina ngazi. Akasema ina ngazi mbili, na moja ni jiwe. Nikamwambia upweke wa mzee peke yake mbele ya bahari ni kitu kizito. Akaacha kutafuna. Hilo lilimgusa, niliona, na nikajilaumu kidogo, kwa sababu mke wake alifariki miaka sita iliyopita na nilikuwa nimesahau.

Akasema taratibu kwamba kumwachia mtu mwingine wiki kunahitaji idhini ya mwenyekiti. Vibeke alikuwa nyuma yangu na sahani. Akasema hapana, akaomba krimu zaidi.

Zimebaki keki kumi na nane.

Alhamisi, 16 Februari

Nimemwambia Ragnhild. Kwa simu, kutoka kazini, maana kwa simu hawezi kunifikia.

Nilianza mbali, nikamweleza nini maana ya kinyota, nini maana ya utata, na jinsi vitu hivi viwili vinavyoweza kumchanganya hata msomi. Akanikata. Akauliza nyumba ipo au haipo. Nikasema haipo.

Akasema, "Andersen."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa hilo sikujiandaa. Liliniuma kuliko keki zote. Miezi miwili tu nilikuwa mkwe wa mtu, na nilikuwa nimeanza kuzoea.

Halafu akauliza, kavu kabisa, sasa kaipata nani. Nikasema mzee mmoja wa ofisini, Ebbe Kloster. Akauliza, Kloster gani? Yule aliyekuwa anacheza polka kwenye ukumbi wa Thisted mwaka sabini na nne, ana suti ya kahawia, hakanyagi mtu? Nikasema suti ya kahawia bado anayo. Akakata simu.

Robo saa haikupita. Ebbe akaja mezani kwangu, bila fimbo! Masikio mekundu. Akakohoa. Akaniuliza kama mama mkwe wangu bado anaweza polka. Nikasema kuna wakati anacheza na mpini wa fagio. Akasema Ragnhild kampigia simu sasa hivi, wamezungumza. Nyumba ni kubwa, yeye ni mmoja, sherehe ifanyike hukohuko, watu wote kumi na wanne waje. Daktari alisema nyonga ifanyiwe mazoezi. Halafu akarudi kwake, na nusu ya njia nikamwona anajaribu hatua moja ya pembeni.

Nimefaulu! Ragnhild ana bahari. Ukiniuliza ni kwa sababu ya nani, bila kinyota changu wangekutana wapi?

Jumapili, 19 Februari

Fastelavn. Asubuhi, kama ilivyo desturi ya sikukuu hii, tumelipiga pipa kwa marungu uwanjani hadi likapasuka, na taji la mfalme wa paka, la anayeangusha kipande cha mwisho, amelipata Aksel, kama kawaida ya Aksel.

Sasa wote wako sebuleni kwetu. Ragnhild amenisamehe nusu. Ameniletea orodha yake ya wageni, akaniambia, wewe Andersen si unajidai unajua kompyuta, iweke vizuri umpelekee Ebbe, agawe vitanda. Anasema "Ebbe" sasa, si "bwana Kloster". Kazi ya heshima. Nimefungua ile programu, kila mgeni na safu yake, majina kumi na manne, kama alivyoyaandika kwa mkono wake. Agnete, yaani shangazi. Aksel. Mimi kaniandika Andersen, hivyohivyo, hata bila Gorm. Nimeliacha. Leo sitaki ugomvi.

Ila Aksel haendi. Beti kumi na tisa na kodiani, nyumba ya mbao, kuta nyembamba? Na ule ubeti wa nne ameubadilisha, sasa unamsifu "mcheza polka aliyetupa bahari". Aksel atakosekana kwenye orodha kwa bahati mbaya. Mmoja tu.

Watu wanasema sijifunzi. Najifunza sana. Nimekaa wiki nzima nikitafakari kosa langu, na nimeligundua: kinyota nilikiweka mwanzoni! Mwanzoni kinakwenda ovyo, kinazoa -sen wa nchi nzima. Safari hii nimekiweka mwishoni, mahali pake.

Nikaandika: futa a*.

Namsikia Ebbe kichwani, orodhesha kwanza, mwanangu. Ndiyo, ndiyo. Lakini maandazi yako mezani, na nikiinua shingo naona mkono wa Aksel unalielekea lile la kastadi. Nikabonyeza. Nukta. Safi kabisa, hata haikubisha.

Nilitarajia yabaki majina kumi na matatu. Yamebaki kumi na moja. Ragnhild alihesabu vibaya, ndiyo uzee huo, tutamvumilia. Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu.

Nimeshaituma. Ili Aksel asije akajipenyeza dakika za mwisho, nimemwandikia Ebbe kwa herufi kubwa: orodha hii ni kamili, na yeyote asiyekuwemo, hata akililia mlangoni, asipewe kitanda.